Mwenye Mwaka wa Mtakatifu Sozon

Pirea, 28 Agosti

Zannis, mjukuu wangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu sikuamini kwamba mtu aliyesomeshwa miaka minne Athene anaweza kujaza kurasa tatu bila kusema kitu. Unaniambia bahari imetulia. Bahari ya Almyra hutulia kila Agosti. Unaniambia meneja amesifu mwandiko wako. Vizuri. Kuku wangu wako hai?

Nyonga inapona kwa mwendo wake. Shangazi yako ananilisha supu, na kila jioni ananibandika simu sikioni nizungumze na watu nisiowaona nyuso. Nimemwambia simu ni ya watu ambao bado hawajui wanachotaka kusema. Wewe ukiwa na neno, andika.

Sasa nisikilize. Tarehe sita Septemba, mkesha wa sikukuu, ikoni ya Mtakatifu Sozon itatoka kwa mwenye mwaka anayemaliza na kuingia nyumbani kwetu. Tumengoja zamu hii miaka ishirini na minne. Itundike ukuta wa mashariki. Taa yake ya mafuta isizimike. Mchana mlango usifungwe, na kila anayekuja kuibusu apewe kahawa na kitu kitamu, hata kama ni mtu tusiyesalimiana naye. Mwakani, mkesha kama huo, nyumba yetu italisha kila atakayefika kanisani. Kila mtu. Hatuandiki orodha.

Nilitaka niwepo. Nimevunjika nyonga nikipaka chokaa ukuta wa ua kwa ajili ya siku hiyo, kwa hiyo utaipokea wewe. Kuna jambo moja kuhusu kitabu cha zamu cha padri ambalo nilipanga kukwambia siku hiyohiyo, uso kwa uso. Litangoja.

Nasikia hoteli unakofanya kazi imetundika ukutani kapu la punda wa marehemu Lebesis na kuliwashia taa yake peke yake. Punda mwenyewe hakuwahi kuliheshimu kiasi hicho.

Bibi yako,
Kalomira


Athene, 1 Septemba

Bwana Zannis,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu pale mapokezi husomwa na kila mwenye macho.

Nimeambiwa kuna picha ya kale ya mtakatifu ambayo hukaa nyumba moja mwaka mzima, na kwamba mwaka huu ni zamu ya bibi yako, ambaye hayupo. Itapendeza sana Sigalo. Ukuta ulio nyuma ya meza ya mapokezi unalilia kitu cha kweli, maana msanii wa kwanza alituletea nyavu na wa pili makopo. Bibi yako ni mgonjwa, nyumba yake imefungwa, na wewe unalala hapa hotelini. Mwambie padri kwamba familia inaiachia hoteli zamu. Nitachangia paa la kanisa. Mapadri huelewa habari za mapaa.

Kama unavyojua, Oktoba wafanyakazi wote wanaondoka. Nafikiria kubakiza mtu mmoja wa mwaka mzima, mtu anayejua kuandika na asiyependa maneno mengi. Nadhani tunaelewana.

A. Verdelis
Mmiliki, Hoteli Sigalo


Almyra, 4 Septemba

Mheshimiwa Padri Makarios,

Kwa heshima zote naomba kukujulisha kwamba bibi yangu, Bi Kalomira Kalafatis, kwa sababu ya maradhi, hataweza kuipokea ikoni mwaka huu. Kwa niaba yake naiachia zamu hiyo Hoteli Sigalo, ambayo imeahidi kuitunza kwa taadhima.

Juzi ulinionyesha mstari wenyewe kitabuni: jina la marehemu babu yangu, Zannis Kalafatis, kwa mwandiko wa padri aliyekutangulia. Kwa kuwa babu amefariki na zamu ikarudi kwa mjane wake, naamini sahihi yangu kwa niaba ya mjane inatosha. Kama haitoshi, nisamehe, unieleze ipi inatosha.

Naomba jambo hili lisifike Pirea kabla sijamwandikia mwenyewe.

Wako mtiifu,
Zannis Kalafatis
Karani wa mapokezi


Almyra, 9 Septemba

Bibi mpendwa, shikamoo.

Kuku wako hai, wote saba. Namwagilia mrehani asubuhi kabla ya kazi.

Ikoni imepokewa salama. Kulikuwa na watu wengi na upepo kidogo. Padri aliimba vizuri ingawa sauti ilikuwa imemkauka. Imetundikwa ukuta wa mashariki, na taa inawaka. Mafuta nimenunua dukani, yale mazuri. Jumamosi walikuja majirani kumi na wanne kuibusu, wakakaa wote sebuleni wakanywa kahawa na kukuulizia. Usiwe na wasiwasi wowote.

Hotelini kazi ni nyingi. Wageni wanalipia ukimya, na wakishaupata wanakuja mapokezi kuuliza kama kuna tatizo. Jana mama mmoja aliniuliza kama jogoo wa jirani anaweza kuwekwa chini ya maji mpaka saa tatu. Nikadhani sikumwelewa. Nilikuwa nimemwelewa.

Mjukuu wako,
Zannis


Pirea, 27 Septemba

Zannis,

Nimesoma. Kumi na wanne, wote wamekaa sebuleni. Sawa.

Niambie mambo matatu, maana sina la kufanya hapa ila kuyawaza. Kwanza, lile doa la kuungua kwenye kona ya fremu, lipo kulia au kushoto? Mimi nasahau. Pili, umepitisha mkono kwenye fimbo aliyoshika mtakatifu pichani, pale palipolika kwa busu za watu? Mama yangu aliniinua nikapabusu nikiwa mdogo sana, na midomo yangu bado inakumbuka ubaridi wake. Tatu, Stamata anakuja? Kama anapika hapo hotelini, anapita mlangoni petu kila asubuhi, na si mwanamke wa kupita mlango ulio wazi akakaa kimya.

Shangazi yako alinipeleka kwa daktari wa mazoezi. Ananiambia, "Bibi, fikiria kitu kinachokupa utulivu, kisha inua mguu." Nikamfikiria mtu mwongo. Mguu ukapanda wenyewe.

Kalomira


Almyra, 18 Oktoba

Bibi mpendwa, shikamoo.

Doa liko kushoto, chini. Fimbo imelika kama ulivyosema. Nimepitisha mkono. Hayo mawili ni kweli.

Nimeandika "ni kweli" kana kwamba mengine si kweli. Ni uchovu tu. Nilitaka kusema kwamba nimehakikisha kwa macho yangu.

Stamata mzima wa afya. Haongei sana nami siku hizi. Asubuhi nikiingia jikoni kuchukua chai husema, "Habari za asubuhi, Bwana Mapokezi," na wenzake wanacheka. Mumewe, yule mpiga fidla, ametunga beti, na kama unavyojua, hapa beti ikishatungwa inazunguka kijiji kizima kabla ya chakula cha mchana:

Zannis kafunga tai, kaingia ofisini,
Bibi yake akirudi, atamjibu nini?

Ni mzaha wa kawaida. Sijui wana maana gani.

Hoteli inafungwa tarehe thelathini. Mimi nimebakizwa kazini kwa mwaka mzima. Nilidhani utafurahi.

Zannis


Athene, 6 Novemba

Bwana Zannis,

Umeme wa jengo lote uzimwe, pamoja na wa mapokezi. Mifuniko ya vumbi iwekwe kwenye viti na mapambo yote. Umeniuliza kuhusu "taa ya mtakatifu". Mtakatifu amekaa gizani miaka mia mbili kabla ya kuja kwangu na hakuharibika. Moto ndani ya jengo tupu siutaki.

Umeandika pia kwamba wenyeji wanataka kuingia kuibusu. Waambie tunafungua Aprili. Watakaokuja Aprili wafute viatu, wasikae kwenye makochi meupe, na wasizungumze na wageni. Hawa watu ukiwafungulia mlango mmoja, kesho wanakuletea mbuzi.

A. Verdelis


Almyra, 20 Januari

Mheshimiwa Bwana Verdelis,

Nakuandikia kwa unyenyekevu. Jengo ni salama. Madirisha mawili ya upande wa bahari yalipasuka kwa upepo, nimeyaziba kwa mbao.

Naomba kukiri jambo dogo. Kila siku saa sita mchana nafungua mlango wa mapokezi, nafunua kitambaa cha vumbi, nawasha taa ya mafuta, nakaa nayo muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha nazima na kufunga. Nimeweka ndoo ya mchanga karibu. Sijaweza kuacha. Sifanyi hivyo kwa kukuasi.

Pia naomba uthibitisho wako kwamba tarehe sita Septemba ikoni itarudi kanisani kwa ajili ya sikukuu, na kwamba hoteli inajua wajibu wa chakula: mwenye mwaka hulisha kila anayekuja, bila kuchagua. Kwa kawaida hufika watu mia nne. Dengu huokwa kwenye vyungu vya udongo tangu siku iliyotangulia, kwa hiyo vyungu huazimwa mapema.

Wako mtiifu,
Zannis Kalafatis


Athene, 15 Machi

Bwana Zannis,

Nimecheka sana na habari ya ndoo ya mchanga. Acha mchezo huo.

Kuhusu Septemba: nimempata mchoraji hodari hapa Athene. Atachora nakala kwa picha ulizonitumia wewe mwenyewe kwa ajili ya bima. Itakuwa tayari Juni. Sikukuu ikifika, nakala itaenda kanisani na kuendelea na safari zake za nyumba kwa nyumba, nayo ya kweli itabaki Sigalo, mahali penye hewa ya kipimo na watu wanaojua kuangalia. Wenyeji hawataona tofauti. Watu hawa hufumba macho wanapobusu.

Kuhusu chakula: tutakuwa na meza sitini, kwa mwaliko. Mpishi wetu ataandaa dengu tatu juu ya kijiko cha kauri, kama kumbukumbu ya utamaduni wenu. Hao mia nne wengine wanaweza kupata soda nje ya geti.

Utasaini hati ya kupokea nakala, kwa kuwa zamu ilitolewa na familia yako. Jina lako likiwepo, hakuna mtu wa kijijini atakayeuliza.

A. Verdelis


Almyra, 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tano na kuichana mara nne.

Ikoni haiko nyumbani. Haijawahi kufika nyumbani. Siku ile ya mkesha nilitembea nyuma ya padri mpaka njia panda. Watu wakageuka kulia kwenda kwetu, kwa mazoea, na mimi nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Hapana, kushoto, hotelini." Stamata akaniuliza, "Umesema?" Nikarudia. Wakasimama. Kisha wakageuka kushoto mpaka kwenye mlango wa vioo, na meneja akawaomba wasubiri nje kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kusuguliwa. Wakasubiri. Wakaondoka.

Nilisaini mimi, kwa niaba yako. Niliogopa kufukuzwa kazi. Ningependa kukwambia sababu kubwa kuliko hiyo, lakini nimeitafuta majira yote ya baridi na haipo. Bwana Verdelis hakunitisha. Aliandika tu kwamba tunaelewana, na mimi nikakimbilia kuelewa.

Hakuna jirani aliyekuja Jumamosi. Mimi silali nyumbani, nalala chumba cha wafanyakazi. Kuku ndio ukweli pekee.

Sasa anataka kubaki na ikoni ya kweli na kuwapa watu nakala. Nimeambatanisha barua yake uisome. Anataka sahihi yangu tena. Sijui la kufanya. Najua nilikupotezea zamu uliyoingoja miaka ishirini na minne, na kwamba kwa umri wako hakuna nyingine.

Sijui kama nina haki ya kusaini kama kawaida.

Zannis


Pirea, 14 Aprili

Zannis,

Hatimaye umeandika barua.

Nilijua tangu ile ya tarehe tisa Septemba. Uliandika umenunua mafuta dukani. Nyuma ya mlango wa stoo yangu kuna mtungi wa mafuta niliouweka kwa ajili ya taa hiyo, mkubwa kiasi kwamba mtu hawezi kuingia stoo bila kuugonga kwa goti. Mtu anayeishi katika nyumba ile angekuwa na goti bovu. Kisha ukawakalisha watu kumi na wanne sebuleni. Nina viti sita. Nilikuona ukitunga, kwa uangalifu, neno baada ya neno, kama mtoto anayeficha kipande cha sahani aliyoivunja, na anakiosha kwanza kabla ya kukificha.

Mahali ilipo nilipajua Februari. Kwa yule daktari wa mazoezi kuna majarida ya watu wasioumwa. Nikafungua moja nikakuta mapokezi ya hoteli yako: kochi jeupe, kapu la punda, na juu yake Sozon wangu na doa lake la kushoto. Chini wameandika: "kutoka mkusanyiko binafsi wa mmiliki." Nilikaa nalo jarida hilo mapajani mpaka wakanisahau kwenye foleni. Sikukuandikia. Nilitaka kuona kama utasema mwenyewe au utaningoja nife. Umechukua miezi saba. Babu yako alikuwa mwoga pia, lakini yeye alikiri haraka zaidi.

Usidhani nakusamehe. Nakudharau kwa kiasi kinachostahili, na nitakuambia kitakapopungua.

Sasa lile jambo la kitabu.

Wewe, na padri wako mgeni, na huyo bwana, mmesoma jina Zannis Kalafatis mkaona mzee aliyekufa. Nani mwingine? Kila mzaliwa wa kwanza kwetu hubeba jina la babu yake, kwa hiyo kila mtu husoma kitabu kile na kumwona aliyetangulia. Lakini babu yako hakuwahi kujiandikisha. Alisema watu mia nne ni wengi mno kuwatazama wakitafuna. Iangalie tarehe, wewe uliyesoma. Ni Jumapili ya ubatizo wako. Nilitoka kanisani nimekubeba, umelowa, unalia, nikamwambia padri wa zamani, "Mwandike huyu." Akasema, "Kalomira, huyu bado hana meno." Nikamwambia, "Foleni ni ndefu. Atayaota."

Zamu haikuwa ya babu yako, wala haikurudi kwangu. Mimi sikuwa na kitu cha kuachia, na sahihi uliyoitia kwa niaba yangu ni ya kuwashia jiko. Mwenye mwaka ni wewe. Ni wewe tangu tarehe sita Septemba. Ulichokifungia gizani pamoja na mtakatifu ni mwaka wako mwenyewe, na hukumwachia mtu, kwa sababu hukujua kwamba unao.

Umeniuliza la kufanya. Mimi si mwenye mwaka. Muulize yeye.

Kalomira


Almyra, 11 Juni

Bibi, shikamoo.

Nilikwenda kwa Padri Makarios. Akafungua kitabu, akavaa miwani, akaitazama tarehe, akavua miwani. Akasema, "Toba. Nami nimekula mbao za paa." Nikamwambia paa halina kosa.

Nilingoja siku nyingi baada ya hapo. Najua utauliza kwa nini. Naogopa vilevile kama zamani; kujua kuwa una haki hakufukuzi hofu, kunaiondolea tu kisingizio.

Jana Bwana Verdelis alikuja na meli ya asubuhi, na nakala ndani ya sanduku. Ilikuwa saa nne, wageni wote wako mapokezi wanangoja kahawa yao. Akaifungua mbele yao. Bibi, ni nzuri. Fimbo ni nzima, kona ni nzima, na mtakatifu anatazama kama mtu aliyelala vizuri. Akanisukumia hati na kalamu.

Nikaweka kalamu chini. Nikapanda kwenye kiti cheupe, na viatu. Nikaishusha ikoni.

Akasema, "Hiyo siyo inayoondoka. Inayoondoka ni hii."

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Samahani."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, bwana."

"Iweke chini."

"Haiwekwi chini, bwana."

"Kijana, ukivuka mlango huo huna kazi."

Nikamjibu, "Naelewa, bwana, asante." Sijui kwa nini nilimshukuru. Fremu ilikuwa inagonga vifungo vya shati langu, kila mtu alisikia. Mama mmoja wa chumba cha sita akamuuliza mumewe kama hii ni sehemu ya ratiba, akapiga makofi kidogo. Meneja akasimama mlangoni. Nadhani ningerudi nyuma. Nakwambia kweli: nadhani ningerudi.

Lakini Stamata akatoka jikoni na aproni yake, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akamtazama meneja kama anavyotazama samaki wa juzi. Akasema, "Wewe, chuma cha kutundikia kofia. Sogea. Mwenye mwaka anapita." Akasogea.

Stamata akatangulia mbele yangu njia nzima na kishada cha mrehani, anapaza sauti kila nyumba, "Tokeni! Amekumbuka jina lake!" Jua lilikuwa kali. Sikuthubutu kubadilisha mkono. Tulipofika ukuta wako wa chokaa, ule ulioupaka nusu, nyuma yangu walikuwa watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa usahihi safari hii. Viti ni sita. Watano walisimama.

Ukuta wa mashariki, taa inawaka. Nilikwenda stoo kuchukua mafuta. Nililigonga goti. Limevimba.

Zannis


Almyra, 30 Juni

Bwana Verdelis,

Nimepokea barua ya mwanasheria wako. Nimeisoma kwa uangalifu, kama nilivyozoea kusoma barua zako.

Anasema nimechukua mali ya hoteli. Padri ameandika maelezo na kuambatanisha ukurasa wa kitabu cha zamu. Jina ni langu na tarehe ni ya ubatizo wangu. Barua niliyoandika Septemba iliachia kitu ambacho bibi yangu hakuwa nacho. Kosa hilo ni langu, na nimeliomba radhi kwa wanaostahili. Wewe humo hukuwemo.

Funguo za mapokezi ziko kwa meneja. Ndoo ya mchanga nimekuachia. Nakala yako ni kazi ya mchoraji hodari, na nadhani inafaa sana pale ulipoitundika: haijawahi kubusiwa na mtu, na kwako haitabusiwa.

Kwa kuwa sasa mimi ni mwenye mwaka, nina wajibu wa kukualika. Karamu ni mkesha wa sikukuu, tarehe sita Septemba, baada ya sala ya jioni, kanisa la Mtakatifu Sozon. Hakuna orodha. Watu hula kwa awamu kwa sababu meza hazitoshi. Ukichelewa utangoja nje na wengine, na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Dengu zitakuwa zaidi ya tatu. Uje na viatu hivyohivyo.

Zannis Kalafatis


Pirea, 31 Agosti

Zannis,

Nakuja na meli ya Jumanne. Daktari amenipa fimbo. Nimemwambia namfahamu mtu mwenye fimbo nzuri kuliko hii.

Usije kunipokea bandarini. Ikoni haiachwi peke yake ili mtu akambebee bibi kizee mkoba. Stamata atakuja na punda, na punda huyo avae kapu lake, kama bado hawajamnyang'anya.

Dengu ziloweke kwa maji ya mvua, si ya bomba. Vyungu ishirini na vinane ulivyoazima havitoshi, ongeza vinne. Ule ukuta nilioupaka nusu usiuguse. Nitaumaliza mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti, ili ujue nilikoishia.

Nikifika sitaingia kwa ufunguo wangu. Nitabisha hodi, nibusu, nikae nitakapoelekezwa, kama mgeni mwingine yeyote. Mwaka huu nyumba ni yako. Kama viti vimejaa, nitasimama.

Na kahawa isiwe ile uliyojifunza hotelini.

Kalomira